Mtu wa Moto Haingii

Kazi yangu ni kuangalia watoto wachanga wakipumua. Nikisema hivyo watu hucheka, nami hucheka nao ili wasinione mgumu, lakini ndivyo ilivyo. Nilipomaliza shahada ya udaktari na kutoka jeshini kwa mujibu wa sheria, profesa wangu wa Dar es Salaam alinipa maelekezo mafupi: nenda Mpanda, kaa kando ya kitanda, fungua kanga ya mtoto, tazama kifua na tumbo kwa dakika nzima, andika. Usimguse. Usimwamshe. Alitaka kujua mtoto mzima wa huku bara anapumua vipi katika siku zake za kwanza, ili tuweze kumtambua mapema yule anayeanza kuugua mapafu. Wanaougua hutambuliwa wakiwa wamekwisha kuchelewa. Hilo nililijua kabla sijapanda treni.

Jambo ambalo sikulijua vizuri ni kukaa na kutazama. Pumzi ya kichanga haiendi kama saa. Inaenda mbio, inapungua, halafu inasimama kabisa. Kifua kinatulia, tumbo linatulia, na wewe na saa yako mkononi mnabaki peke yenu. Kisha mtoto anavuta tena kama aliyekumbuka jambo. Nilikuwa nimesoma habari hiyo na kuijibu kwenye mtihani, na nilipata maksi nzuri. Lakini siku ya kwanza ilipotokea mbele yangu, katika wodi ya wazazi, niliita kwa sauti hata akina mama wote wakainuka vitandani. Mtoto naye alishtuka, akapumua, akalia. Mkunga alikuja na beseni mkononi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Daktari, ukipiga kelele hivyo hata mimi nitaacha kupumua."

Wodi nzima ikacheka. Jioni nilikaa nikijiuliza kama wangeniheshimu tena. Kisha nikajiuliza kwa nini nawaza heshima wakati nilipaswa kuwaza mapafu. Mimi ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango hurudi kuusukuma, na nikishafika njiani huwaza kama nilipousukuma sikuufungua. Mtu wa namna hii kupewa kazi ya kungoja pumzi inayofuata ni kama kumpa mwoga wa maji kazi ya kulinda kivuko. Profesa aliniambia wasiwasi wangu utanifaa. Bado sijajua kama alikuwa ananisifu.

Baada ya miezi michache niliona kasoro ya mpango wetu. Mama aliyejifungua salama hakai hospitalini. Anarudi nyumbani kesho yake, maana kuna shamba, kuna watoto wengine, na mwaka ule watu wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya na nyumba hazijaisha kukandikwa. Mtoto anayeanza kuugua huanzia huko nyumbani, siku ya pili au ya tatu, mimi nikiwa wodini nawatazama wazima. Nikaomba gari. Nikapewa Land Rover ya zamani kwa siku ambazo petroli ipo, pamoja na dereva wake, Mnyamwezi wa makamo ambaye kila alikofika alitafuta mtu wa kumtania.

Nilianza karibu, Kawajense, kisha nyumba za pembeni kule Misunkumilo, na nilishangaa jinsi nilivyopokelewa. Nilikuwa nimeonywa kwamba katika nyumba nyingi za huku mtoto haonyeshwi watu mpaka kitovu kikatike. Yeye na mama yake hukaa chumba cha ndani, na mlangoni huketi mwanamke mzee wa nyumba, mara nyingi mama mkwe, anayeamua nani aingie. Mimi niliingia. Kila bibi wa mlangoni alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Huyu apite," nami nikapita na saa yangu. Nilimwandikia profesa kwamba wananchi wanaliamini koti jeupe. Niliipenda sentensi hiyo. Niliiandika mara mbili ili mwandiko uwe mzuri.

Kisha ikaja Jumatatu ya Kasekese, kijiji cha mbali kidogo na mji.

Mtoto yule alizaliwa wodini kwetu, wa kwanza kwa mama yake, msichana mwembamba wa familia ya wakulima, na kwa kuwa siku ile mikono ilikuwa michache, nilimpangusa mimi. Alizaliwa baada ya chupa kupasuka mapema na uchungu kukawia, na mtoto wa hivyo huweza kuingiwa na maradhi mapafuni hata kama amelia vizuri. Nilitaka abaki. Mama mkwe alitaka kwenda nyumbani, na mtoto alikuwa mwekundu, ananyonya, hana tatizo la kuonyeshwa kwa kidole. Wakaondoka. Nikasema nitawafuata, na siku zote mbili za mwisho wa juma nilimwona mtoto huyo kila nilipofumba macho.

Tulifika mchana. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wanatwanga mahindi uani. Baba wa mtoto alikuwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Kabla sijafika mlangoni nilisikia sauti kutoka ndani, ndogo, kama ya mtu anayebeba mzigo na kuutua, anaubeba na kuutua. Mtoto alikuwa anaguna kila anapotoa pumzi. Kichanga haguni hivyo bure. Huguna ili mapafu yasifungane. Miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini bibi, yule mama mkwe, alikuwa ameketi kizingitini, na mguu wake mmoja umenyooka kukata njia.

"Ngoja hapo, mwanangu. Wewe una mume?"

"Ninaye, bibi."

Michi ikasimama kwenye kinu.

"Eti ninaye! Mbona mkononi huna kitu? Sisi tulijua wewe ni msichana."

Pete yangu ilikuwa nyumbani ndani ya kikombe, kwa sababu siku nzima ninanawa kwa sabuni na dawa. Nikamweleza hivyo. Hakuonekana kujali habari ya sabuni.

"Huyo mumeo yuko wapi?"

"Tabora. Ni mwalimu."

"Na amekuja lini mara ya mwisho?"

Sikuelewa. Dereva, aliyekuwa nyuma yangu, akaniinamia na kunieleza kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha kwa wale wanawake wasisikie. Mtu aliyelala na mwenzake siku za karibuni huitwa mtu wa moto. Mtu wa moto akimkaribia mtoto ambaye kitovu chake hakijakatika, au akimshika, mtoto huungua ndani kwa ndani, hupumua kwa shida, hufa. Anayeingia ni mtu baridi tu: mjane, mzee, au msichana ambaye hajaolewa.

Basi nyumba zote zile za Kawajense na Misunkumilo sikuingizwa na koti jeupe. Niliingizwa na udogo wa umbo langu na kidole kisicho na pete.

Sitaki kuficha yaliyonipitia kichwani pale mlangoni, na mtoto anaguna ndani. Mume wangu alikuwa amekuja na treni Jumamosi ile ile. Jumapili, jana tu, alikuwa ameondoka. Ningeweza kusema, mwezi uliopita, bibi, na mguu ungekunjwa, ningeingia. Lakini mtoto anayeguna hivyo anaweza kufa siku hiyo hiyo, na akifa baada ya mimi kuingia, habari ya mume wangu itajulikana, kwa sababu Mpanda ni ndogo na aliyempokea stesheni kwa Land Rover ya serikali ni dereva huyu huyu anayenipumulia kisogoni. Watasema daktari alijua ana moto, akadanganya, akaingia, akamuua. Hakuna mtoto wa Kasekese atakayeonyeshwa daktari tena. Upande wa pili, nikisema kweli nitabaki nje, na atakufa bila kuonwa. Na hata kama nitasema kweli, je, nitakuwa nimeisema kwa sababu ni kweli, au kwa kuogopa kukamatwa na uongo? Hilo la mwisho halikuwa na faida yoyote kwa mtoto, lakini nalo nililiwaza.

Dereva akakohoa.

"Jumamosi," nikasema.

Mmoja wa wale wanawake akapiga makofi. "Jumamosi hii? Mama yangu! Huyu bado anafuka moshi!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bibi hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuitegemea, kama mtu aliyepewa jibu zito kuliko swali lake.

"Umesema vizuri," akasema. "Kaa hapo nje."

"Na mimi, bibi?" dereva akauliza. "Mimi niingie nimwone?"

"Wewe una wake wangapi?"

"Wawili tu."

"Wewe hata kwenye kivuli cha nyumba yangu usisimame."

Nilizunguka nyumba. Kwenye ukuta wa chumba cha ndani kulikuwa na kidirisha, tundu tu la kupitisha hewa, juu ya kichwa changu, limezibwa kwa kipande cha gunia. Nikaketi chini yake, mgongo ukutani. Udongo ulikuwa bado na unyevu wa kukandikwa. Nikamwita yule mama kwa ndani. Akaitika. Sauti yake ilikuwa karibu sana, kama tumeegemea ukuta mmoja, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

"Nisaidie kutazama," nikamwambia. "Mfungue nguo. Mtazame hapa, chini ya mbavu, pale tumbo linapoanzia. Akivuta pumzi, pakoje?"

Nilisikia kanga ikifunuliwa.

"Panazama."

"Panazama kidogo?"

"Panazama sana, daktari. Kama shavu la mzee anayevuta kiko."

Katika miaka yangu yote ya chuo sikuwahi kusikia mtu akieleza vizuri hivyo. Nikamuuliza pua. Akasema zinapanuka na kurudi. Nikamuuliza kunyonya. Akasema anashika, anavuta kidogo, anaachia, analia bila sauti. Nikamwomba amguse tumbo kwa kiganja. Akasema ni wa moto, kisha akanyamaza ghafla, na nikajua neno hilo limemtisha kwa sababu nyingine.

"Ni homa," nikasema haraka. "Ni homa ya mapafu. Ilimwanza kabla sijafika, hata kabla hamjatoka hospitali labda. Anahitaji sindano, na hewa ya mtungi, na maziwa yako kwa mpira mpaka apate nguvu ya kunyonya. Leo. Si kesho."

Bibi alikuwa amekwisha kuingia ndani. Nilimsikia akipiga magoti, akimtazama mtoto, na kwa muda kulikuwa na sauti moja tu, ile ya kuguna.

"Kitovu hakijakatika," akasema. "Atatokaje? Gari hilo limejaa moto tupu. Huyu wa Jumamosi, na yule wa wake wawili."

Dereva alijibu kutoka mbali, maana alikuwa anautii ule mpaka wa kivuli. "Bibi, mimi niko tayari kwenda kwa miguu, ila sasa gari nani ataliendesha?"

Hakuna aliyecheka. Nilianza kupanga maneno. Nilitaka kueleza vijidudu, jinsi maji yanavyokaa mapafuni, kwa nini joto la mtu mzima haliwezi kuvuka hewa na kuingia kwa mtoto. Nilikuwa natafuta neno jepesi la kijidudu ambalo bibi asingelisikia kama tusi. Wakati naendelea kulitafuta, yule mama akasema, kwa sauti ile ile ya chini aliyotumia kwangu:

"Mama, mimi nilimzaa mbele ya watu ambao hawakuulizwa kitu. Mkunga ana mume. Aliyenishika miguu ana mume. Daktari huyu alimpangusa kwa mikono yake. Kama ni moto, aliungua siku ile. Na siku ile alilia, akanyonya."

Sijui bibi alifanya uso gani. Nilikuwa nje, mgongo ukutani, naangalia kuku. Najua tu kwamba mkamwana haongei hivyo na mama mkwe wake, si huku, si mbele ya majirani wenye michi. Nikadhani safari imekufa. Kisha bibi akasema, akiwaambia wale wanawake na si mkamwana:

"Nyie mnasimama nini? Leteni mkeka. Nyuma ya gari. Wenye moto wote wakae mbele, wasigeuke."

Ndivyo tulivyosafiri. Nyuma, turubai limeshushwa, mama na mtoto chini ya kanga mbili, na bibi ameketi kati yao na sisi kama ukuta. Mbele, dereva na mimi, macho barabarani. Nilikuwa nimekubali sharti la kutogeuka. Nilikuwa mtafiti ambaye kazi yake yote ni kuangalia, na mgonjwa aliyenihusu kuliko wote yuko nyuma ya shingo yangu.

Nikabaki na masikio. Barabara ilikuwa mbaya, dereva anayakwepa mashimo kama anayebeba mayai, na kati ya shimo na shimo nilisikia ile sauti ya kuguna. Niliishika kama kamba. Kisha tulianza kupanda, injini ikanguruma, nikaipoteza. Tulipofika juu injini ilitulia, na mtoto naye alikuwa kimya.

Kunyamaza kwa mtoto anayeguna kuna maana mbili. Amepata nafuu, au amechoka kabisa. Nilijua ipi hutokea zaidi.

"Anapumua?" nikauliza kioo cha mbele.

"Usiniulize mimi," bibi akasema. "Muulize mama yake."

"Anapumua," mama yake akasema. "Panazama."

Baada ya hapo sikuuliza tena. Yeye mwenyewe, kila baada ya kitambo, alisema neno moja kutoka chini ya turubai, na lilinifikia juu ya bega la bibi. Panazama. Miti ikapita, nyumba za kwanza za mji zikaja, watu wakatupungia mkono. Panazama. Dereva, ambaye sikuwahi kumwona akinyamaza, alikuwa anatikisa kichwa kila anapolisikia. Lilikuwa neno la kuogofya na nililingoja kwa hamu, maana siku ambayo pangeacha kuzama katika hali ile, isingekuwa kwa kupona.

Wodini walimpokea. Mkunga hakuuliza mtu yeyote kuhusu mumewe. Mtoto alipata hewa, alipata sindano, alipata maziwa ya mama kwa mpira mwembamba kupitia puani. Sitasema ilikuwa rahisi. Usiku wa kwanza sikuandika chochote kwa ajili ya profesa, na siku iliyofuata pia, kwa sababu nilikuwa nimeacha kuwa mtu wa kutazama tu. Bibi alilala kwenye baraza ya wodi na hakunitazama nikipita. Nilipita kwa kuukunja mwili, kana kwamba moto wangu ungemdondokea.

Kuguna kuliisha kwanza. Homa ikafuata. Asubuhi moja nikamkuta mama anamnyonyesha, na bila kumfungua mtoto akaniambia, "Hapazami." Nilimfungua hata hivyo. Niliangalia dakika nzima, halafu dakika nyingine. Kitovu kilikatika wodini, na bibi akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akaomba ruhusa ya kuondoka.

Nilidhani tungezungumza. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, kwamba mtoto amepona katika jengo lililojaa watu wa moto, kwamba aone mwenyewe. Akaniwahi.

"Unaona," akasema, "mlivyokaa mbele na kutogeuka. Mngegeuka, tungemzika."

Jibu lake ninalitafuta mpaka leo. Mtoto mmoja, safari moja. Yeye ana sababu yake na mimi nina yangu, na kwa ushahidi wa namna hiyo hata profesa wangu asingempa mmoja wetu ushindi. Nilimwandikia profesa nikapendekeza tubadili swali. Badala ya kuuliza daktari mwenye saa anaona nini, tuulize mama asiye na saa anaweza kuona nini, akiwa peke yake ndani, mlango umezuiwa. Mbavu, pua, kuguna, kunyonya. Profesa amejibu kwamba wazo ni zuri, lakini je, tutajuaje kwamba akina mama wanaona sawasawa? Ni swali la haki. Nimelijibu katika barua ambazo bado sijazituma.

Wiki iliyopita tulikwenda Kasekese kumwona mtoto. Amenona. Bibi alinipa nimbebe, mbele ya watu wote, bila neno. Kisha akanivuta pembeni.

"Kwa jirani kunakaribia," akasema. "Huenda wiki ijayo. Nataka umwone mtoto kwa macho yako, si kwa ukutani. Mumeo anakuja lini?"

"Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, bibi."

"Basi njoo Ijumaa."

Nikashukuru, nikapanda gari, tukaondoka. Tulikuwa tumeshafika barabara kubwa nilipogundua kwamba sijui mtu wa moto hupoa baada ya muda gani, na kwamba mtoto wa jirani anaweza asizaliwe Ijumaa. Nikamwambia dereva ageuze gari.